Nyumba Iliyotoa Mara Mbili

Sahani ya matembele ilikuwa bado ya moto mikononi mwa Zuhena pale Bi Mwanakheri alipomwambia apite ndani, na nusura aiangushe. Tangu apate akili zake alikuwa akiileta sahani hiyo kila mwaka, siku ileile, kwenye mlango uleule. Bibi hufungua, huipokea, hutikisa kichwa kidogo, hufunga. Kesho yake sahani hukutwa kizingitini kwa akina Zuhena, imeoshwa ikang'aa, bila neno. Ndivyo desturi ya Kisimani ilivyotaka, na Zuhena alikuwa ameizoea kama mtu anavyozoea jino bovu.

"Pita, mwanangu. Au mimba imekuziba masikio?"

Zuhena akaingia. Habari ya mimba ile alikuwa ameisema kwa watu watatu tu: mumewe, mama yake na daktari.

"Nani amekwambia, bibi?"

"Mji wenyewe huu? Ukipiga chafya huku, kule mwisho wanakuombea afya. Kaa."

Ni kweli, Kisimani si mji wa kuficha kitu. Umejengwa chini kabisa ya korongo moja la Mirihi, ukafunikwa kwa paa la kioo, na kila pumzi inayovutwa humo imetengenezwa na majani. Kila mkazi ana kitalu chake: matuta ya matembele, kunde na mianzi, yaliyopangwa ghorofa juu ya ghorofa chini ya taa. Kitalu kimoja hutoa hewa ya mtu mmoja, pamoja na ziada kidogo ya kukoholea. Vitalu vyote hunyweshwa na mshipa mmoja wa barafu uliomo mwambani. Waasisi waliwahi kuongeza vitalu. Mshipa ukapungua, majani yakanyauka, na mji mzima ukaumwa kichwa mwaka mzima. Hawakurudia.

Hilo lingekuwa jambo dogo kama watu wangekuwa wanakufa. Lakini kuna kinga. Mara moja kwa mwaka mtu huketi kitini, hutundikiwa chupa, na dawa hupita mwilini ikishona kila kilichochanika. Bi Mwanakheri aliyefika na meli ya kwanza ameishi karne tatu na ushei, na ukimwona utadhani ni mama wa makamo aliyetoka kusukwa nywele sasa hivi. Basi hakuna anayeondoka, na kwa kuwa hakuna anayeondoka, hakuna anayekuja. Kinga yenyewe hufunga kizazi, ila mara mojamoja hushindwa. Ya Zuhena ilishindwa kufunga, na madaktari wamebaki kukuna vichwa.

Mtoto huzaliwa Kisimani kwa njia moja tu. Mtu aache kinga kwa hiari yake, na kitalu chake ampishe mtoto anayemtaka yeye. Kumwomba mtu nafasi yake ni tusi kubwa kuliko yote mjini, na mzazi haruhusiwi kumpisha mwanawe mwenyewe, maana Baraza halitaki kulea yatima. Aliyeacha kinga huzeeka mbio. Kwa watu wa meli ya kwanza ni suala la miezi, kwa sababu ile miaka yote iliyozuiwa mlangoni huingia kwa pamoja. Mtoto hulibeba jina la aliyempisha. Zuhena, ambaye kwa zaidi ya miaka sitini sasa ndiye mzaliwa wa mwisho na bado anaitwa "mtoto" na mji mzima, ni Zuhena wa Kibwana. Na Kibwana alikuwa mume wa Bi Mwanakheri.

Ndiyo maana ya sahani. Kabla mtoaji hajaondoka huulizwa mbele ya mashahidi chakula alichokipenda, na aliyepishwa hukipeleka nyumbani kwa marehemu kila mwaka, maisha yake yote.

Bi Mwanakheri alinawa, akavuta sahani, akamega tonge la ugali na kulichovya kwenye matembele. Zuhena hakuwahi kumwona akila. Alikula kwa raha ya wazi, akifumba macho.

"Unajua kwamba Kibwana alikuwa hali matembele?"

Zuhena alidhani hakusikia vizuri.

"Alikuwa anasema yanateleza kama kamasi," bibi aliendelea. "Siku nikiyapika atazunguka nyumba nzima akitafuta sababu ya kutoka. Tumekaa kwenye ndoa muda ambao huko duniani falme zinasimama na kuanguka, na sijamwona akimeza hata tonge moja kwa hiari yake."

"Lakini aliulizwa, bibi! Baraza lilimwuliza, akasema..."

"Akasema matembele ya karanga. Mbele ya mashahidi, uso mkavu. Nilikuwepo. Nikadhani homa imempanda kichwani." Akamega tonge jingine. "Sahani ya kwanza aliileta mama yako, wewe uko mgongoni. Nikaimwaga. Ya mwaka wa pili nikaimwaga. Nilikuchukia, Zuhena, nisikufiche. Nikisikia unalia huko uchochoroni nasema, huyo ndiye anayevuta pumzi za mume wangu. Halafu mwaka mmoja ikanikuta na njaa, nikaonja. Ni katika kutafuna ndipo nikaelewa yule mzee alifanya nini. Anayependa matembele ni mimi! Alijua akishaondoka nitaacha kupika, maana nani anajipikia peke yake akafurahi? Basi akahakikisha nitapikiwa milele, na Baraza zima akalitia kwenye uongo wake."

Akacheka mpaka machozi yakamtoka, kisha machozi yakabaki na kicheko kikaondoka.

"Tangu hapo siku ya sahani yako ndiyo sikukuu yangu. Nahesabu nayo mwaka."

"Na mimi miaka yote nimedhani unanichukia," Zuhena alisema. "Mbona hukuniambia?"

"Ulikuwa unapika kwa woga, mwanangu, na woga wako ulikuwa unakoleza mchuzi. Nikaona nisiharibu." Bi Mwanakheri akajifuta mikono, na uso wake ukatulia. "Sasa nisikilize. Asubuhi nimekwenda kwa Lukindo. Nimemwambia naacha kinga, na kitalu changu nampisha huyo uliyembeba."

Zuhena alisimama kwa ghafla hata kiti kikaanguka.

"Hapana, bibi. Hapana! Nyumba hii imeshanipa mtu mmoja."

Akatoka bila kuaga, kitu ambacho hakuwahi kumfanyia mtu mzima yeyote maishani mwake.

*

Mbaruku, mumewe, fundi wa pampu, alikuwa akiosha mafuta ya mashine mikononi alipohadithiwa. Alikaa kitako palepale sakafuni, sabuni mkononi.

"Na wewe ukamwambia hapana," alisema.

"Ulitaka nimwambie nini? Karibu ufe?"

"Nilitaka umwambie ngoja nikazungumze na mume wangu." Mbaruku si mtu wa kupandisha sauti, na hata sasa hakuipandisha. "Zuhena, mke wangu, kukataa ni rahisi kwa mtu ambaye ameshazaliwa. Wewe ulipishwa na ukapita."

"Nilikuwa tumboni! Nani aliniuliza?"

"Hata huyu haulizwi. Tunaoulizwa ni sisi."

Zuhena alijitanda shuka akatoka, na miguu ikampeleka mahali ambapo kwa wiki nzima alikuwa akipakwepa.

Ubaridini ni chumba kirefu nyuma ya hospitali, chenye dirisha moja la kuchungulia. Mimba isiyopata nafasi haitolewi ikatupwa. Watu wa Kisimani si makatili, na wangependa ulielewe hilo. Hulazwa. Daktari humtoa kichanga akiwa bado mdogo kuliko kidole, humlaza kwenye kichupa, humweka kwenye baridi, na humo humngojea mtu wa kumpisha. Kwenye rafu vichupa vilipangwa safi, kila kimoja na kitambaa chake cha rangi kilichofungwa na mama. Vingine vilikuwa vimepauka kabisa. Tangu Zuhena azaliwe hajaamshwa hata mmoja.

Alimkuta Bwana Lukindo, msimamizi wa vitalu, akifuta ukungu kwenye kioo kwa kiwiko cha shati. Lukindo ni mwanamume mpole ambaye kazi yake imemfundisha kuongea polepole.

"Bi Mwanakheri amekuja kwangu," alisema. "Amevaa vizuri kama anakwenda harusini."

"Nimemkatalia."

"Ameniambia utakataa. Akaniambia nikusubiri hapahapa." Lukindo alikunja mkono wa shati lililolowa. "Dada yangu, mimi siwezi kukushauri, nikikushauri nimevunja kiapo. Naweza kukueleza kanuni tu. Mtoto akianza kucheza tumboni, daktari hawezi tena kumlaza salama. Kwa hiyo kabla hajacheza lazima tujue moja: amepishwa, au analala."

"Na bibi? Akiacha leo, atafika siku ya kujifungua?"

"Daktari anasema huenda. Anasema pia huenda asifike. Watu wa meli ya kwanza hawatabiriki. Kibwana mwenyewe aliondoka wewe ukiwa hujazaliwa."

Hilo Zuhena alilijua, lakini siku ile lilimwingia upya. Alikuwa amebeba jina la mtu ambaye hakuwahi kumwona, hata kwa jicho la kichanga. Alitazama vile vitambaa vilivyopauka, akajiuliza cha mwanawe kingekuwa cha rangi gani, na hapo akalia kwa sauti, bila aibu, huku Lukindo akijifanya bado anafuta kioo.

*

Asubuhi iliyofuata alimkuta Bi Mwanakheri kwenye kitalu chake, akipogoa. Ghorofa zile za majani zilikuwa zimestawi kuliko za mtu mwingine yeyote mjini. Bibi alikuwa na mkono mzuri na alijua hivyo. Zuhena alipiga magoti kando ya tuta akaanza kumsaidia kukusanya majani makavu.

"Nisamehe kwa jana, bibi. Niliondoka kama sina malezi."

"Ulikuwa na haki. Mimi siku ya Kibwana nilivunja vyombo."

"Naomba uniambie kitu kimoja." Zuhena aliyashika majani makavu kifuani. "Niambie umechoka kuishi. Hata kama ni uongo, niambie."

Bi Mwanakheri akaacha kupogoa. Akamtazama kwa huruma ambayo Zuhena hakuitaka, maana alikwisha kuona jibu ndani yake.

"Sijachoka, mwanangu. Juzi nimekula embe la mti wa kule ghorofa ya juu, nimelilamba hadi kwenye kiwiko. Nina rafiki zangu. Nina shairi nalitunga, ubeti wa tatu unanisumbua. Mtu akinipa karne nyingine leo naipokea kwa mikono miwili. Ulitaka nikupe kitu nilichokwisha kukitupa?"

"Ndiyo," Zuhena alisema kweli. "Ingekuwa rahisi kupokea."

"Basi kisingekuwa na thamani ya kumpa mtoto."

"Lakini kwa nini sisi? Tunakudai nini tena? Umetoa mume!"

"Mume alijitoa mwenyewe, mimi nilinyang'anywa. Ndiyo tofauti." Bibi aliketi juu ya ukingo wa tuta. "Nilimwuliza kwa nini afe kwa ajili ya mtoto wa watu. Akaniambia sisi tumekuwa kama watu walioketi stendi ambayo magari yameacha kupita; tunasalimiana vizuri, tunapeana karanga, hakuna aendaye wala ajaye. Nikamwona mjinga. Halafu wewe ukaanza kutembea. Ukawa unapita hapa unavunja matawi yangu, unauliza kila mtu kwa nini jua la huku ni dogo. Watu waliokuwa hawajaulizwa swali kwa miaka mia wakawa wanatafuta majibu! Mji ukaamka. Nimefaidi hayo yote, Zuhena, na sahani juu yake. Nashukuru mpaka shukrani imekosa pa kwenda. Kibwana hayupo nimshukuru. Wewe ukishukuriwa utaangusha kiti. Basi nimeitafutia mtu."

Zuhena aliinamisha kichwa. "Nikipokea nitakuwa nimekuua."

"Utakuwa umepokea. Mimi ndiye ninayeacha kinga, si wewe unayenizuilia chupa. Usiniibie tendo langu."

"Na nikija kujuta?"

"Utajuta. Siku nyingine utajuta, siku nyingine utacheka, na siku nyingi zaidi utakuwa unafua nepi hujui hata umeamkaje. Mimi sikukuahidi moyo mweupe. Nakupa nafasi."

Ilikuwa ni kweli, na ukweli ule ulikuwa mzito kuubeba, lakini Zuhena aliona unabebeka. Aliwaza mama yake mzazi, ambaye angeweza kumpisha mjukuu na amenyamaza, na akagundua kwamba hamlaumu. Kitu ambacho hakidaiwi hakina wa kulaumiwa. Kinaweza kutolewa tu, au kisitolewe.

"Nina sharti," alisema mwishowe.

"Tazama! Mpokeaji ana masharti."

"Uhamie kwetu. Nikupikie kila siku, si mara moja kwa mwaka. Na ujitahidi ufike. Mimi aliyenipisha sikumwona, bibi. Najua jina lake, na sasa najua alikuwa mwongo mwenye mapenzi, basi. Huyu nataka akuone."

Bi Mwanakheri alipangusa udongo viganjani.

"Kufika hakuko mikononi mwangu," alisema. "Lakini nitajitahidi kukawia. Sijawahi kuwahi popote maisha yangu yote."

Wakamwita Lukindo awe shahidi. Bi Mwanakheri aling'oa mche mmoja wa matembele kutoka tuta la kwanza. Zuhena akaweka kipande kipya cha shina kwenye shimo lilelile, na wote wawili wakashindilia udongo kwa viganja. Hakuna zaidi ya hapo. Kisimani haina sherehe ndefu kwa jambo hili. Zuhena alitazamia kusikia uchungu. Alichosikia ni furaha, nyingi, ikimpanda kutoka tumboni hadi kooni, na nyuma yake aibu ya kufurahi. Hakuizuia hata moja.

*

Uzee ulikuja mbio kama mgeni aliyecheleweshwa njiani. Nywele za Bi Mwanakheri zilikuwa nyeupe kabla hata ya tumbo la Zuhena kuonekana. Magoti yakaanza kugoma. Watu walikuja kumtazama, maana wengi walikuwa wamesahau mtu anavyozeeka, na yeye aliwapokea barazani kwa Zuhena kama bibi harusi, akiwaonyesha makunyanzi mapya. "Hili limeingia jana," alikuwa akisema. "Shika uone." Ubeti wake wa tatu ukakaa sawa, wa nne ukaanza kumsumbua.

Siku nyingine hakucheka. Kuna asubuhi Zuhena alimkuta ameshika kikombe, mkono unatetemeka, uji umemwagika, analia kwa hasira. Alimfuta, akamkumbatia, hakumwambia kitu cha kumfariji kwa sababu hakikuwapo. Mbaruku alimtengenezea kikombe chenye masikio mawili. Bibi alikitumia, akasema kibaya kuliko vyote alivyowahi kuviona, na hakutaka kingine.

Mji nao ukashikwa na wazimu wa maandalizi. Mtaa mzima ulishona nguo za mtoto. Walikusanyika, wakabishana rangi, wakaleta furushi kubwa kwa vigelegele. Lilipofunguliwa, Zuhena na mumewe wakatazamana. Nguo zote zilikuwa za mtoto wa kwenda shule. Katika mji mzima hapakuwa na mtu hata mmoja aliyekumbuka mtoto mchanga ni mdogo kiasi gani.

"Atazikuta," Bi Mwanakheri alisema kutoka kitini, akicheka mpaka akakohoa. "Jamani, mtoto mnamtaka mnamsahau vipimo!"

Wiki za mwisho hakucheka tena. Macho yaliingia ukungu. Chakula alikionja kwa heshima tu. Daktari alikuja, akampima, akaondoka bila kusema alichokiona, na Zuhena akajua. Usiku hakulala, mchana akawa anaongea na tumbo lake: fanya haraka, baba, fanya haraka, mama, kuna mtu anakungoja.

Uchungu ulianza asubuhi, jua dogo la Mirihi likiwa juu ya paa la kioo. Mkunga hakuwa amezalisha mtu tangu Zuhena mwenyewe, na mikono ilimtetemeka, lakini mikono ina kumbukumbu yake. Nje, watu waliacha kazi mmoja mmoja wakaja kusimama mbele ya nyumba, na mama yake Zuhena alikuwa mbele yao wote, ameketi chini, ameshika kichwa. Kilio kilipotoka hakuna aliyepiga kigelegele. Walisimama tu wakisikiliza. Mtu mmoja akasema taratibu, "Anavyolia kwa nguvu!" na wengi wakalia naye.

Alikuwa msichana.

Zuhena hakungoja kuruhusiwa. Alimwegemea Mbaruku, mtoto kifuani amefungwa kwenye khanga, wakavuka ukumbi kwenda chumba cha pili. Bi Mwanakheri alikuwa amelala ubavu, mdogo mno kitandani, na kifua chake kilikuwa kikipanda kwa kufikirifikiri. Kwa kitambo kirefu Zuhena alidhani amechelewa.

"Bibi. Amekuja."

Jicho moja likafunguka. Zuhena akapiga magoti, akamlaza mtoto kwenye mto, uso kwa uso na bibi. Mtoto akaacha kulia. Akayafungua macho yake meusi yasiyojua kitu, akayaelekeza mbele yake, kwenye uso ule uliojaa mikunjo, akautazama.

Zuhena alikuwa ameandaa maneno mengi. Yote yakamkimbia. Aliuchukua mkono mdogo wa mwanawe, akauweka juu ya mkono wa bibi.

"Asante," alisema. "Asante, bibi. Asante. Na huyu anasema shikamoo."

Midomo ya Bi Mwanakheri ilihangaika kidogo kabla ya sauti kupatikana.

"Marahaba, mwanangu," akamjibu mtoto. "Karibu. Mimi nilikuwa nimekushikia nafasi tu."